Pima ya Muuza Kamba

Muuza kamba wa soko la Kalerwe hana futi wala rula. Anapima kwa pima, ile ya mabaharia, mikono imetanuliwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mbele ya kibanda chake anaita omo, nyuma tezi, na ukimuuliza Kawempe ni mbali kiasi gani, atakwambia ni maili mbili za baharini, mradi bodaboda hazijachafua mkondo. Rashidah, muuza magauni ya mitumba wa kibanda cha jirani, amemtazama mpaka akaijua siri yake. Akija mteja mwenye majivuno, jamaa anashusha pumzi, mabega yanalegea, pima inafupika. Akimpenda mteja, anavuta hewa mpaka shati linabana.

Leo Rashidah kaenda mwenyewe kuomba pima mbili za kutundikia magauni, kutoka nguzo yake hadi ukutani. Macho kayakaza kifuani pa yule bwana. Kifua kikapanda, kikazidi kupanda, kifungo kikaruka na kutua kwenye nyanya za watu.

"Ssebo, bwana wangu, kamba hii itazidi ukuta," Rashidah akasema.

"Ukuta wa nini, nnyabo? Wewe ivute tu, tuone itatia nanga wapi."

Rashidah akafunga ncha moja kwenye nguzo yake, akaupa ukuta mgongo, akaivuta kamba mpaka kwenye nguzo ya muuza kamba, akakaza fundo.

"Kesho lianze kutundikwa hilo shati lako," akasema. "Nitalishonea kifungo."