Huogesha Watu Sita kwa Siku, Yeye Huoga kwa Kubahatisha

Saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi. Dada Kiwiko anapandisha mkono wa sare yake ya bluu, anainama, anachovya kiwiko ndani ya beseni. Anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza. Anaongeza kikombe kimoja cha maji baridi, anachovya tena.

“Maji yako sawa?” anamuuliza mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo mapajani.

“Ya jana yalikuwa matamu zaidi,” mzee analalamika.

“Ya jana na ya leo yametoka bomba moja, babu.”

“Basi jana mimi ndiye niliyekuwa mtamu.”

Wanacheka wote wawili. Anaanza na mabega, anashuka mgongoni, anainua mkono mmoja wa mzee na kuosha kwapa taratibu, bila haraka na bila kumkodolea macho. Mzee huyu, fundi reli mstaafu, ni wa kwanza kati ya watu sita ambao Dada Kiwiko atawaogesha leo kabla ya saa tisa alasiri.

Ameajiriwa na kampuni inayopeleka wahudumu kwenye nyumba za wazee na wagonjwa wasioweza kujiogesha. Ana miaka arobaini na mitatu. Jina la Kiwiko alipewa na wagonjwa wenyewe, naye amelipenda. “Vidole vyangu vimezoea moto, vinadanganya,” anasema. “Kiwiko hakidanganyi.”

Kila siku ana wagonjwa sita na mabafu sita, mengine yenye vigae vinavyong’aa na maji ya moto yasiyoisha. Lakini mara ya mwisho yeye mwenyewe kuoga mwili mzima ilikuwa Jumatatu, kwenye choo cha kituo cha mafuta. Bomba la pale lazima ulikandamize ndipo litoe maji. Kwa hiyo mkono mmoja ulikandamiza bomba, mwingine ukaoga.

Dada Kiwiko anaishi ndani ya gari.

Ni gari la zamani la kusambazia mikate, la marehemu baba yake. Nyuma halina dirisha. Kuna godoro lililowekwa juu ya makreti, kamba ya kuanikia sare zake mbili, ndoo yenye mfuniko na kioo kidogo kilichofungwa kwa waya. Ubavuni bado yanasomeka maandishi mekundu yaliyofifia: MIKATE MOTO KILA SIKU.

“Wiki ya kwanza niligongewa mlango nikiwa na povu kichwani,” anasimulia. “Nikajua ni polisi. Nafungua kidogo, namkuta mzee mmoja kashika pesa. Ananiambia, ‘Nipe miwili.’”

Anacheka hadi anafuta macho. Kisha anasema kwamba mzee yule alikuwa mtu pekee aliyewahi kugonga mlango ule.

Aliingia kwenye gari hilo miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo alimuuguza mama yake kwa miaka minne, akimlisha, akimgeuza, akimwogesha. Kazi anayoifanya sasa alijifunzia kwenye mwili wa mama yake. Mama alipofariki, kaka zake wawili waliuza nyumba.

“Waliniambia, ‘Dada, wewe umekula na kulala humu miaka minne bila kulipa.’ Nikaachiwa gari. Sikugombana nao. Nilikuwa nimechoka.”

Chumba chenye bafu lake kingemeza robo tatu ya mshahara wake. Vya bei nafuu vipo, vya kuchangia bafu na wapangaji wengine, ila wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita mbele. Kila akikaribia kuifikisha, gari linaharibika au jino linauma.

Ni rahisi kudhani kwamba anayeishi ndani ya gari hukosa kitanda kwanza. Dada Kiwiko anasema kitanda unakizoea baada ya mwezi. Maji huyazoei.

Amejifunza kuoga kwa lita tano. Dumu huliacha juu ya dashibodi tangu asubuhi, jua liyapashe maji. Huchuchumaa ndani ya beseni, huanza na uso na kumalizia na miguu, na hunyoa nywele kabisa kwa sababu nywele hunywa maji. Siku za mvua dumu halipati joto, naye huoga huku ameuma kitambaa ili asipige kelele.

Anavijua vituo vya mafuta ambavyo vyoo vyake vina komeo na vile ambavyo mlango hushikiliwa kwa mguu. Kuna wakati alilipa kiingilio cha bwawa la kuogelea kila Jumamosi ili atumie bafu la pale tu. Mlinzi wa bwawa alimwona wiki tatu mfululizo akiingia mkavu bafuni na kutoka kwenda zake.

“Akaniuliza, ‘Dada, mbona huogelei?’ Nikamwambia, ‘Naogopa maji.’ Akanihurumia. Akaniambia atanifundisha.” Dada Kiwiko hakurudi tena pale.

Kilichomwokoa kwa miezi kumi na moja ni bafu la kulipia la stendi ya mabasi. Maji yalikuwa ya moto, mlango mzima, dakika kumi. Mama aliyekata tiketi alikuwa mkali kama pilipili. Dakika ya tisa ilipofika aligonga mlango kwa ufunguo: “Wewe wa namba nne! Hilo si bwawa, kuna watu huku nje wananuka!” Dada Kiwiko alizipenda hata kelele zile. Asubuhi nyingi, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza kumsemesha.

Wiki tano zilizopita alikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: matengenezo, wiki tatu. Karatasi bado ipo. Mafundi hawapo.

Wiki ya pili ya kufungwa kwa bafu, mtoto wa mgonjwa mmoja alipiga simu ofisini. Alisema mhudumu aliyetumwa kumwogesha baba yake ananuka jasho. Msimamizi alimwita Dada Kiwiko akampa barua. Ameikunja ndani ya pochi, pamoja na kitambulisho. Inasema kwamba usafi wa mhudumu ni sharti la ajira, na kwamba lalamiko la pili litamwondoa kazini.

“Nilisaini,” anasema. “Msimamizi akaniuliza, ‘Una la kusema?’ Nikasema sina.”

Alikuwa nalo. Lakini siku ya kuajiriwa aliandika anwani ya kaka yake kwenye fomu, kwa kuwa fomu ilitaka anwani. Akisema kwa nini ananuka, atakuwa amekiri kwamba alidanganya. Akinyamaza, itambidi awe msafi kila siku katika mji uliomfungia bafu pekee alilolimudu.

Kuhusu mabafu ya wagonjwa, mkataba unakataza mhudumu kuyatumia. Hata bila mkataba, anasema, asingethubutu. “Bafu la mgonjwa ni kama kitanda chake. Ameniruhusu niingie nimsaidie. Hajaniambia nilale.”

Tangu apate barua ile alianza kusimama mbali na watu. Aliwaogesha wagonjwa mikono ikiwa imenyooka, kifua nyuma. Aliacha kuwainamia kuwasikiliza. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kugusa, huo ulikuwa upweke wa aina mpya.

“Kutwa nilikuwa nashika watu. Mimi mwenyewe mtu wa mwisho kunigusa alikuwa muuza duka, akinirudishia chenji.”

Aliyemgundua ni mgonjwa wake wa Jumatano, bibi wa miaka themanini na mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu. Kiharusi kimeuchukua upande wake wa kushoto. Upande wa kulia, na ulimi, vimebaki kazini.

“Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne,” anasema Mwalimu akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. “Mtoto ambaye hajaoga humjui kwa harufu. Unamjua kwa anavyokaa. Anakaa pembeni, mikono kaibana hivi. Huyu alikuja siku ile kaibana vilevile, mtu mzima na sare yake. Nikasema, haya, leo mimi siogi. Leo zamu yake.”

Dada Kiwiko alikataa. Mabishano yao kila mmoja anayasimulia kwa namna yake, lakini maneno yanafanana.

“Mwalimu, kampuni hairuhusu.”

“Kampuni iko wapi? Iite niione.”

“Nitafukuzwa kazi.”

“Na mimi nikipiga simu sasa hivi kusema unanuka, hutafukuzwa?”

“Hutapiga, Mwalimu.”

“Nitapiga. Nipe hiyo simu, maana siifikii.” Dada Kiwiko hakumpa. Mwalimu akalegeza sauti. “Mwanangu, wahenga walisema mwosha huoshwa. Hawakusema lazima asubiri afe kwanza. Vua viatu.”

Alivua. Mwalimu alijisukuma hadi mlangoni mwa bafu, akaushika mpira wa maji kwa mkono wake mzima, akaufungulia ukutani kwanza kama alivyoona Dada Kiwiko akifanya kila wiki. Kisha akauliza swali ambalo mhudumu wake huliuliza mara sita kwa siku.

“Maji yako sawa?”

Dada Kiwiko aliyatazama tu yakimwagika.

“Sikujua,” anasema, na sauti yake inapungua. “Miaka miwili nimeoga maji yalivyokuja. Ya jua, ya mvua, ya bomba la kukandamiza. Nilikuwa nimesahau mimi napenda ya joto gani. Nilisimama tu. Mwalimu akafikiri yananiunguza.”

Walijaribu. Ongeza, punguza, ongeza tena. Yalipofika alijua, na akaanza kulia. Mwalimu alijifanya haoni, akamwambia ageuke, akamsugua mgongo kwa nguvu kama anafuta ubao.

“Mgongo ule ulikuwa haujaonana na mkono wa mtu,” anasema Mwalimu. “Niliusugua mpaka bega langu likauma. Tukalowa wote. Kiti changu mpaka leo kinalia.”

Alipomaliza, Mwalimu alitoa amri: kila Jumatano, iwe hivyo. Dada Kiwiko alishukuru, akamwogesha, akamkausha, akamvalisha. Kisha akamwambia hatarudia.

Mwalimu amenuna. Jumatano mbili sasa anajibu “ndiyo” na “hapana” tu. Akiulizwa sababu, anapandisha bega moja: “Kiburi. Kuna watu wakipewa mkono wanauliza kwa nini si miwili.”

“Si kiburi,” anasema Dada Kiwiko anapoambiwa maneno hayo. “Mwalimu ana miaka themanini na mmoja. Nimeshawapoteza wagonjwa wanane. Kila anayekufa namlilia kama mtu wangu. Huyu akifa, nitamlilia yeye, au nitalilia bafu? Sitaki kufika hapo. Sitaki kuamka Jumatano namwombea maisha marefu kwa sababu nataka maji ya moto.”

Ndipo akafikiria mlango mwingine.

Ofisini kwa kampuni, kwenye korido anakopita kila Ijumaa kupeleka karatasi za zamu, kuna bafu. Lina vigae, lina bomba, na dirisha dogo juu. Limegeuzwa stoo ya maboksi ya nepi za wagonjwa na fimbo za kutembelea zilizovunjika. Wahudumu ni ishirini na mmoja. Wengi hupanda magari mawili hadi kwa mgonjwa wa kwanza na hufika wakiwa wamelowa jasho. Hakuna aliyewahi kuuliza bafu lile la nani.

“Nitauliza mimi,” alisema Alhamisi ile, akikunja taulo la fundi reli. “Nitamwambia msimamizi ukweli wote, na anwani ya uongo. Kisha nitaomba ufunguo. Nataka komeo upande wa ndani, basi. Nioge siku moja bila kusikiliza nyayo za watu.”

Aliomba makala haya yasichapwe kabla hajasema mwenyewe. Hakutaka bosi wake ayasome gazetini.

Jumatatu saa nne asubuhi aliingia ofisini. Saa tano kasoro alimpigia simu mwandishi wa makala haya. Nyuma yake zilisikika honi na mtu akiuza vocha.

“Nimesema,” alianza. “Nilianza vibaya, nikaanza na maboksi. Akaniambia, ‘Maboksi yamefanya nini?’ Ndipo nikasema naishi kwenye gari.”

Msimamizi aliuliza tangu lini. Dada Kiwiko akamwambia miaka miwili. Msimamizi akasema, “Na mimi nakupangia zamu zote za asubuhi kwa sababu wewe huchelewi.” Akavuta faili, akatafuta fomu, akaikata kwa mstari anwani ya kaka. Kalamu ikabaki hewani.

“Akaniuliza, ‘Sasa hapa niandike nini?’ Nikamwambia, ‘Andika gari.’ Akaandika.”

Kuhusu bafu, msimamizi alisema si uamuzi wake peke yake, atalipeleka kwa meneja na kutoa jibu Ijumaa. Kuhusu uongo wa kwenye fomu, jibu litakuja siku hiyohiyo. Hadi hapo kazi iendelee. Hakutabasamu, anasema Dada Kiwiko, ila alimsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Yawezekana Ijumaa akapata ufunguo. Yawezekana akapata barua nyingine. Alipoulizwa atafanya nini, jibu liwe lolote, hakuzungumzia kazi wala bafu.

“Jibu lolote nitampelekea Mwalimu, anune asinune,” alisema. “Tangu mama afe sijapata mtu wa kumpelekea jibu.”

Kisha akaaga. Mgonjwa wake wa tatu alikuwa anasubiri kuogeshwa.