Kipande Kisichocheza

Mwezi wa Julai nilirudi nyumbani Makutano, hapa Meru, kwa likizo fupi, nikamkuta baba akipakua nyama kutoka gari la kichinjioni. Alikuwa amejitwika paja zima la ng'ombe kwenye bega la kulia. Nikasimama. Tangu utoto wangu baba alibebea bega la kushoto. Makoti yake meupe yote yamechakaa upande huo.

"Mbona umehamia huku?"

"Ile ingine imechoka. Kila mtu wa bucha hupata bega. Halafu na hii baridi."

Mama mmoja kutoka Kiirua, aliyekuwa akingoja matumbo yake, akaangua kicheko. "Kumbe daktari wa panya amerudi! Mzee, si akupime? Lakini aanze na mkia!"

Hakukosea sana. Siku za kazi, asubuhi nilikuwa nikiandika riwaya, na mchana nikifanya kazi katika maabara upande wa Embu, palipo mashamba ya chai. Huko watafiti walimfunga panya mshipa mmoja wa moyo kwa uzi mwembamba, ili apate shambulio la moyo kama la binadamu. Mimi nilifuatilia madhara yake bila kumpasua tena. Nilimlaza chali, akiwa amelala kwa dawa, nikamnyoa kifua, nikampaka jeli niliyoipasha moto kwanza, maana jeli baridi hupunguza mwendo wa moyo na picha ikasema uongo. Kisha nikaweka kichwa cha mashine ya ultrasaundi, na moyo mdogo kama haragwe ukatokea kwenye kioo, ukijikunja na kujikunjua kama ngumi. Ukuta wote ulicheza, isipokuwa kipande kimoja. Hicho kilitulia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani.

Kilichonitisha hasa ni kwamba siku ya tatu baada ya kufungwa mshipa panya huyo alikuwa akila na kujisafisha masharubu. Kwa macho usingejua kuwa ni mgonjwa.

Alasiri, wateja walipopungua, nilimwonyesha baba video ya moyo mmoja kwenye simu. Sikumwambia lolote. Aliisogeza simu karibu, akaiweka mbali, kisha akagusa kioo kwa ukucha wenye mafuta.

"Hapa pamekufa."

"Umejuaje?"

"Kwa ng'ombe mzee unaipata, si mara nyingi. Nyama nyeupe, ngumu kama ngozi. Naitoa kabla mteja aione." Akatazama tena. "Huyu anaumwa na bega?"

"Panya hawasemi, baba."

Akaketi juu ya kreti ya soda. Ndipo akanieleza. Wiki mbili nyuma, akiwa na nusu ya ng'ombe begani, bega lilimkaza hadi kwenye taya, na jasho likamtoka katika baridi ile. Akasema ni uzito. Aliitua nyama, akanywa chai ya tangawizi, akaibeba tena kwa bega la pili, akauza hadi adhana ya magharibi.

Kesho yake hatukufungua bucha. Kwenye kliniki, mpimaji alimpaka jeli bila kuipasha moto, na baba akashtuka. Kioo kilikuwa kimegeuziwa upande wa mpimaji, lakini nilikuwa nimesimama pale nilipozoea kusimama kazini. Moyo wa baba ulikuwa mkubwa na mzito, wa polepole kuliko wowote niliowahi kuutazama. Ukajikunja. Ukajikunjua. Mbele, kuelekea ncha, kipande hakikucheza.

Mpimaji akatoka kumwita daktari. Baba alibaki kifua wazi.

"Iko?"

"Iko, baba."

"Hao panya wako, wakiwa nayo, huishi siku ngapi?"

Nilianza kuhesabu siku za maabara. Wiki ya nne, baada ya picha ya mwisho, tuliwaua wote. Tulikata mioyo yao vipande vyembamba na kuvitia rangi: nyama hai ikawa nyekundu, kovu likawa buluu, nasi tukalinganisha na picha kuona kama mashine ilisema kweli. Hakuna panya aliyeachwa aendelee.

"Sijui," nikasema. "Hatukuwahi kungoja."

Baba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei. Akaanza kufunga vifungo vya shati, akianzia chini, na alikuwa bado hajafika kifuani daktari alipofungua mlango.