Dumu la Mkojo na Majani ya Mpera

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Ni siku niliyowadanganya watu wa utafiti kwa jambo dogo, jambo la kuchekesha hasa, na nusura uongo ule umzike kaka wa mke wangu. Kaa vizuri nikueleze, maana nina tabia ya kupotea njiani, na mke wangu hayupo hapa kunirudisha.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usicheke. Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo, lakini kwetu mtu ambaye mama yake yu hai na bado anamtuma kuni, huyo ni kijana tu, hata kama kichwa kimeanza kung'aa. Mimi kwetu ni juu, upande wa Mbinga, watu wa kahawa na wa ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Nikaoa huku chini ziwani, Mbaha, na mke akanishinda: badala ya yeye kupanda mlima, mimi nikashuka. Mtu wa milimani akishukia ziwani anachekwa kwanza kwa sababu haogelei. Mimi nilichekwa zaidi kwa chumvi. Usipa, hawa dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, walikuwa wameshatiwa chumvi kabla ya kuanikwa, na mimi nikawa naongeza tena nikishakaa kula. Naongeza, naonja, naongeza.

Mchekaji mkubwa alikuwa Batlomeo, ndiye huyo kaka wa mke wangu. Huku kaka wa mke tunamwita mlamu, na mlamu wako ana ruhusa ya kukutukana hata mbele ya padri, na wewe unayo ruhusa hiyohiyo. Kuombana hakuna haya. Batlomeo alikuwa mbeba mizigo ufukweni. Boti ikitia nanga, magunia ya muhogo na ya usipa yalipanda mgongoni kwake. Mgongo ulimuuma tangu sijamjua, na dawa yake ilikuwa vidonge vya maumivu vya dukani, viwili asubuhi, viwili jioni, kama wewe unavyokunywa chai. Akichoka sana alishushia na kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi alinigawia.

Basi wakaja hao watu wa utafiti, wakafikia zahanati. Walitaka kujua habari za figo: kwa nini siku hizi figo za watu zinachoka polepole, mwaka hadi mwaka, bila kuuma, mpaka siku mtu anaanguka na kuambiwa zimekwisha. Walikuwa wanauliza tunakula nini, tunakunywa nini, tunameza nini. Hawakupima kila mtu. Walihesabu nyumba, wakaruka hii wakachukua ile. Yangu ikachukuliwa, ya Batlomeo ikarukwa.

Mkubwa wao alikuwa binti mwembamba, Daktari Rehema, aliyempa kila mzee shikamoo yake kabla hajafungua mkoba. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na ugonjwa wangu wa kuuliza. Aliniambia chumvi ninayokula inatoka kwenye mkojo na huko maabara inapimwa, wanajua umekula kiasi gani. Nilishangaa sana. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini jambo kama hilo likiniingia kichwani halitoki. Nikamwuliza kama wanaona chumvi ya jana au ya maisha yote. Akasema ya jana tu, ndiyo maana wanataka mkojo wa siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi ya pili, wote, bila kumwaga hata kidogo. Akanikabidhi dumu jeupe lenye kifuniko.

Nilipopita nalo ufukweni Batlomeo alitua gunia chini ili anitazame vizuri. "Mlamu," akasema, "wenzako wanachaguliwa ubunge, wewe umechaguliwa mkojo."

Siku ya dumu lenyewe ikaangukia msiba. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amefariki, na wanaume tulitakiwa kwenda kuchimba kaburi. Sasa niambie, nani anakwenda kuchimba kaburi ameshika dumu la mkojo? Nikaliacha nyumbani nyuma ya mlango. Huko makaburini nikaenda vichakani kama wenzangu, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara nikamkumbuka yule binti nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Niliporudi alasiri nikatikisa dumu, nikaona lililomo halijazi hata bakuli. Nikashikwa na aibu ya kijinga, aibu ya mwanaume kuonekana ana mkojo haba. Batlomeo alikuwa ameingia kwangu kula, nikamweleza shida yangu. Hakuuliza mara mbili. Alichukua dumu, akazunguka nyuma ya bafu, akarudi nalo limepata uzito, anatembea kama mtu aliyebeba sadaka. Nikafungua kifuniko nione. Povu lilikuwa limejaa juu kama bia iliyomiminwa kwa haraka, tena halikushuka. Tulisimama wawili tunalitazama. Nikamwuliza kama ni kawaida yake. Akasema ni ya siku nyingi, ni nguvu hizo, mtu wa mlimani hawezi kuelewa.

Asubuhi nikapeleka dumu. Daktari Rehema akaniuliza kama wote ni wangu na kama sikumwaga. Nikasema wote. Akaandika.

Wiki kadhaa zikapita, majibu yakarudi kutoka Dar es Salaam, nikaitwa. Mwanangu, kuitwa zahanati na mtu anayekukaribisha kiti kwanza si jambo jema. Akanieleza kwamba kwenye mkojo wangu kuna protini nyingi. Figo, alisema, ni kama chujio. Nikamwambia kama kung'uto la pombe, akakubali, ila hili linafanya kinyume: uchafu unapita, kilicho chema kinabaki mwilini. Langu lilikuwa linavujisha kilicho chema. Akasema tusitishane, turudie kupima, na akanipa dumu jingine.

Safari hii hofu ilinifundisha utii. Dumu nilitembea nalo shambani ndani ya mfuko wa salfeti, nikaingia nalo kanisani, nikaliweka chini ya benchi. Jumatatu moja majibu yakarudi safi. Hakuna protini, hakuna kitu, isipokuwa chumvi ya kuhifadhia samaki, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na naomba ulitazame kwa karibu. Yule binti alisogeza kiti, macho yanang'aa kwa hamu ya kujua, akasema, "Baba, mimi sijawahi kuona figo ikipona hivi. Katikati hapa umefanya nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja na kumaliza. Lakini nikaona nitachekwa, na kinywa kikawahi kabla ya akili. Nikasema nimekuwa nikichemsha majani ya mpera, nakunywa asubuhi na jioni. Aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaniomba nimletee majani kidogo aondoke nayo.

Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Kabla sijafika nyumbani nilishajua lile povu lilikuwa la nani. Lakini kufikia jioni habari za majani zilikuwa zimeenea, sijui kwa mdomo wa nani, na watu walianza kuja kwangu na sauti ya chini kuniuliza yanachemshwa muda gani. Mimi, niliyechekwa tangu nishuke mlima, kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu wa kuulizwa. Utamu huo, mwanangu, sikuwahi kuambiwa upo. Niliwajibu. Nikawaambia wachemshe mpaka maji yabadilike rangi. Mipera ya jirani ilibaki matawi. Nikajiambia nitamwambia Batlomeo kesho, akapimwe kimyakimya. Nikajiambia hivyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Ijumaa akaja mwenyewe. Alikuja peku, kandambili mkononi, anakanyaga kama mtu anayepita juu ya mawe ya moto. Akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu. Ilikuwa imevimba, kifundo hakionekani. Alibonyeza kwa kidole gumba, na alipoondoa kidole pakabaki shimo. Tukalitazama lile shimo, halikufutika upesi. Akasema wiki ya pili sasa hawezi kuvaa kiatu, na mgongoni amebeba gunia moja tu tangu asubuhi, pumzi inakata.

"Mlamu, nichumie na mimi hayo majani. Ya kwako yana mkono mzuri."

Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi pale pembeni. Ungo ukasimama. Nadhani alishajua siku zote, alikuwa ananisubiri tu.

"Sijawahi kunywa majani yoyote," nikamwambia.

"Daktari ameandika."

"Ameandika uongo wangu. Mkojo wenye ugonjwa ni ule ulioutia wewe kwenye dumu."

Akacheka kidogo, peke yake. "Kwa hiyo mkojo wangu umeshafika Dar es Salaam, na mimi mwenyewe sijapita Songea." Mimi sikuweza kucheka. Akanitazama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Ijumaa, mlamu."

Nimetukanwa sana na mtu yule, matusi mengine siwezi kuyatamka, lakini hakuna lililoniingia kama lile la kutajiwa jina la siku.

Nilimshika bega tukaenda zahanati. Watafiti walikuwa wanafunga vitu vyao, gari limewashwa. Nikamweleza yule daktari yote, kaburi, vichaka, bafu na majani, nimesimama kama mtoto wa shule. Hakupaza sauti. Alitoa daftari lake, akaukata ule mstari wa mpera kwa kalamu, polepole, kisha akaniambia maneno ninayoyabeba mpaka leo: "Baba, ningeondoka na majani yako. Na huko mbele kuna mgonjwa angeyanywa, akaacha hospitali, akafa huku ananiamini mimi."

Halafu akanigeuzia mgongo, akamkalisha Batlomeo. Akampima presha, akapima mara ya pili kwa sababu hakuamini mara ya kwanza. Akamwuliza kuhusu povu, tangu lini. Akamwuliza anameza nini. Batlomeo akasema hamezi dawa yoyote, hana ugonjwa. Mimi nikakohoa. Akasema, basi, labda vile vidonge vya mgongo. Vingapi? Vinne. Kwa siku ngapi? Batlomeo akafikiri, akasema kwa miaka kumi na minne. Yule binti akaweka kalamu chini. Akasema vidonge vile vikimezwa kila siku hivyo vinaweza kuumiza figo, na presha nayo inaumiza figo, na figo ikiumia inapandisha presha, na huyu wa katikati anaendelea kubeba magunia hajui. Wakampakia kwenye gari lao hilohilo mpaka hospitali kubwa ya Songea.

Kule Songea waliona figo zake zimeshapoteza sehemu kubwa ya kazi. Hazikurudi zilikokuwa; daktari alisema kilichokufa kwenye figo hakifufuki, kazi ni kulinda kilichobaki. Wakamwachisha vile vidonge, wakampa dawa za presha, wakampunguzia chumvi. Kubeba mizigo kukaisha. Mtu aliyekuwa anatambia mgongo wake akaanza kukaa chini anashona nyavu za wengine, na miezi ya kwanza hakutaka nimwone. Leo yupo, ana mvi kuliko mimi, kliniki haikosi, mashine ya kusafisha damu hajafikia. Nilimwuliza Daktari Rehema, aliporudi mwaka uliofuata, zile siku nne zangu zilimgharimu Batlomeo kiasi gani. Akasema hajui. Nilidhani ananihurumia, lakini akasema kweli hajui, hakuna awezaye kujua. Nimeishi na jibu hilo, ni zito kuliko kama angenitajia.

Kuhusu mipera, nilizunguka nyumba kwa nyumba kukanusha. Wengine walikataa kuniamini, wakasema nataka kuficha dawa. Yupo bibi mmoja anakunywa mpaka leo, akiniona ananishukuru.

Basi shika haya, mwanangu. Mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa akikuuliza, mpe ukweli, hasa ule wa aibu. Sema chumvi yako, sema pombe yako, sema vidonge unavyomeza bila kuviita dawa, sema ulichomwaga vichakani. Kwenye karatasi yake wewe si wewe peke yako, nyuma yako wapo watu usiowajua. Ukiona povu lisiloshuka, ukiona mguu unabaki na shimo, usingoje kuumwa, maana figo haiumi mapema. Kapime presha ukiwa mzima. Kidonge cha maumivu si karanga. Na kama umeshadanganya, rudi leo, usiipe aibu siku ya pili, itakuomba na ya tatu.

Chumvi yangu niliipunguza, ingawa usipa wameisha utamu, sikufichi.

Nenda salama. Mungu akupe watu wa kuwaambia ukweli na ulimi wa kuwaambia mapema. Akulinde huko ndani kusikouma, maana kunakouma utakuona mwenyewe.