Mswaki wa Bibi

"Si yatang'oka tu, daktari?" Miaka kumi na minane daktari wa meno ya watoto alikuwa akiulizwa swali hilohilo, na kila mara damu ilimchemka. Yatang'oka, ndiyo, lakini kwanza yataoza na kutunga usaha! Asubuhi hiyo alimfokea baba mmoja mpaka sauti ikamkauka.

"Binti yangu ana miaka mitatu," daktari alijigamba. "Bibi yake humswakisha kila jioni, na mwenyewe huachama bila kulazimishwa. Wewe umeshindwa nini?"

Jioni aliwahi kurudi nyumbani. Akamkuta binti yake ameachama kama kinda, na bibi anachovya mswaki kwenye kikopo cha asali.

"Mama! Unafanya nini?"

"Bila asali hafungui mdomo, mwanangu. Tangu aote meno tunafanya hivi."

Daktari hakuwahi kumkagua mtoto wake; vinywa vya kutwa kazini vilimtosha. Sasa akachukua tochi, akamulika. Magego manne yalikuwa na mashimo meusi. Akageuka afoke, macho yamemtoka.

"Usinitolee macho," mama yake akamwambia. "Si yatang'oka tu?"