Ndege ya Kaka na Mianzi ya Ulanzi

Miaka ya hamsini kaka yangu alirudi Iringa kutoka Nairobi, alikokuwa akiosha ndege za kivita, akiwa na sanduku jepesi na maneno mengi. Eti ndege ikikata kona, mkono wa rubani unalaza mabawa na mguu wake unageuza mkia; visipopatana, rubani anatupwa ubavuni kama gunia. Akaapa kutengeneza usukani mmoja wa kufanya yote mawili kwa pamoja. Nani alimtuma? Hakuna.

Ningemwachia wazimu wake, ila alikata mianzi ya mama. Si ile iliyokomaa. Alikata michanga iliyokuwa tayari kugemwa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, kwa sababu inapindika vizuri! Na mimi nilikuwa karibu kuposwa. Kwetu mgeni wa posa hafungui kinywa kabla hajaonja ulanzi wa nyumba hiyo. Nililia kwa hasira mpaka mama akanituma nikatafute majani ya chai ya kuwapa wageni badala yake.

Kaka wala hakujali. Alisimika nguzo uani, akaweka juu yake mwanzi mrefu wa kuzunguka, na kwenye ncha akafunga kindege chenye kamba za katani za kuunganisha mabawa na mkia na usukani wake, na kikombe cha maji mgongoni badala ya rubani. Alizungusha huku akivuta usukani. Mabawa yakilala kidogo mno, maji yanamwagikia nje. Yakizidi kulala, yanamwagikia ndani. Maji hayo nilichota mimi, kisimani, kwa kichwa changu. Siku ya wageni bado alikuwa anapunguza kamba.

Baba wa mchumba wangu alitazama birika la chai, akachukua fimbo yake aondoke.

"Hii nyumba haina mianzi?"

"Ipo, mzee," kaka akajibu. "Iko nje."

Nilitamani ardhi inimeze. Kaka akabeba birika hadi uani, akamimina ile chai kwenye kikombe cha kindege, akasukuma. Mabawa yakalala, mkia ukageuka, chai ikatulia kama iko mezani. Wazee wote wakatoka kutazama. Mchumba wangu naye akaenda kushika kamba! Jua likashuka, posa haijatajwa. Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama mlangoni, jambo ambalo msichana hafanyi, nikauliza:

"Na mimi je?"

Baba mkwe hata hakugeuka.

"Wewe tulishakuchukua, mwanangu. Haya, zungusha tena."

Ndivyo nilivyoposwa, na mtu aliyenipa kisogo.