Mke Mwenza wa Kioo

Fundi vioo alikata vioo vya madirisha ya watu maisha yake yote, na mtaa mzima ulimjua kwa vidole vyake visivyokosa plasta. Lakini kioo alichokipenda hakikuwa cha dirisha la mtu. Kilikuwa duara nene, upana wa sahani ya kulia, na alikisaga mwenyewe uani, juu ya pipa lililojazwa mchanga. Alikitia maji na unga wa kusagia, akakisugua juu ya kioo kingine huku akilizunguka pipa polepole, hadi kikaanza kubonyea katikati. Kikiisha, kingekuwa jicho la darubini.

Mkewe, mshonaji, alikiita mke mwenza. Akiwa kwenye cherehani, angepaza sauti dirishani kuuliza kama mwenzake ameshaoga. Fundi angejibu kwamba ameoga, amebaki kupakwa mafuta. Wakacheka. Kila jioni mzaha uleule, na haukuchuja.

Kisha daktari akasema macho ya mshonaji yana presha. Yangezibika kutoka pembeni kuja katikati, na sehemu iliyozibika isingefunguka tena. Dawa ingechelewesha tu. Njiani kurudi, mkewe alisema kwamba mtu aliyebakiwa na tundu la kuonea ndiye hasa wa kuchungulia darubini.

Basi fundi akamwahidi Zohali, ile sayari yenye pete. Angeiona yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote, kabla ya fundi mwenyewe. Akawa anamsimulia pete ile kila walipokaa kula: ilivyozunguka bila kugusa, ilivyoinama kidogo kama ukingo wa kofia.

Kazi ilikuwa imefika kwenye unga laini kabisa alipokifuta kioo kwa taulo la siku za mwanzo. Chembe moja ya unga mkali ilikuwa imejificha katika nyuzi zake. Ikaacha mkwaruzo mwembamba kama unywele.

"Uache," mkewe alimwambia. "Nani atauona?"

"Mimi nitauona."

Akarudi kwenye unga mkali, akaanza upya. Alijua mkwaruzo ule usingeizuia Zohali. Lakini hakuwahi kumpa mteja kioo chenye mkwaruzo, sembuse mkewe. Mvua zikaja, zikapita, yeye bado analizunguka pipa. Siku moja mkewe alimshonea kifungo cha shati jeupe kwa uzi mwekundu. Fundi akacheka, akalivaa hivyohivyo hadi kazini, akiwaambia wateja kwamba mke mkubwa ameshikwa na wivu.

Jioni ya ahadi ikafika. Jua lilikuwa limetoka kuzama, na nyota za kwanza zinajitokeza. Mdomo wa bomba la darubini alikuwa ameuziba kwa kifuniko cha sufuria, vumbi lisiingie. Akalenga kwa kijibomba chembamba alichokifunga ubavuni, hadi Zohali ikakaa katikati. Hakuchungulia darubini yenyewe, ahadi ni ahadi. Akamshika mkewe mabega, akamwinamisha kwenye lenzi.

Mkewe alilisogeza jicho hadi likagusa lenzi.

"Nimeiona," akasema. "Ndogo, jamani. Na pete yake imeinama, vilevile ulivyosema, mume wangu."

Fundi akainua uso kwa furaha, aifuate sayari ile kwa macho yake. Kifuniko cha sufuria kilikuwa bado kipo mdomoni mwa bomba.

Mkono wake ulipanda kukiondoa, ukaishia njiani. Ukashuka kifuani, ukakigusa kifungo chenye uzi mwekundu.

"Nieleze," akasema. "Pete yenyewe ikoje?"

Mkewe akamweleza taratibu, kwa maneno yaleyale ya fundi ya mezani, na fundi akaitikia kila neno kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

"Mwenzangu kafanya kazi," mkewe akamaliza. "Mwambie ahsante."

Fundi akasema amemwambia. Walipogeuka kuingia ndani, alimpa mkono, akamtajia palipo na ngazi. Mkewe hakuukataa.