Wadudu Wekundu na Barua ya Uzembe

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha ngozi Thika, Msimamizi wa Ghala alinifunulia ngozi ya ng'ombe iliyolazwa kwenye chumvi akaniambia, "Kidato cha nne, nusa." Nikanusa. Ilikuwa na madoa mekundu kama imepakwa rangi ya kucha ya bei rahisi.

"Walikufunza chumvi huzuia kuoza, eeh?" akasema. "Hawa ndio chumvi imewaalika."

Nyinyi mnaomaliza shule sasa, sikieni. Hao ni wadudu wasioonekana kwa macho mmoja mmoja. Wanataka chumvi nyingi kuliko ya bahari. Ukiwatia maji matupu wanapasuka. Na kama kiumbe chochote, bila naitrojeni hawajengi mwili.

Ghalani nilikaa mwaka, nikapelekwa maabara, halafu tawi la Ruiru lenye dimbwi la maji taka ya chumvi. Nikahamia Gatongora, hapo hapo Ruiru, na mume, mama mkwe, na Wairimu wangu wa miezi sita. Mkemia Mkuu alitaka wadudu wekundu waile naitreti, aina ya naitrojeni iliyo kwenye maji hayo, kabla hayajafika mtoni. Mimi nilishika chupa za majaribio. Kila asubuhi natoa matone, nayapunguza na maji kwa sababu chumvi nyingi hudanganya kipimo, natia dawa, naangalia rangi.

Siku tano naitreti ikakataa kushuka. Na wadudu walikuwa wanaongezeka, chupa nyekundu kabisa.

"Mama Wairimu, ulikuwa unapima ama ulikuwa unanyonyesha?" Mkemia akaniuliza.

"Nilipima, mkubwa. Mara mbili."

"Wanaongezeka bila kula? Umeona wapi?"

Alijua saa ya chakula mimi hukimbia nyumbani kunyonyesha. Akaniandikia barua: uzembe, nimalize mwezi niende. Na barua kama hiyo, nani mwingine angeniajiri?

Jioni hiyo Wairimu akanitemea uji wote. Mama mkwe akacheka. "Aĩ! Anaona titi, ataguza uji wa nini? Hebu toka hapo." Nikatoka nje. Kurudi, bakuli ni tupu.

Hapo ndipo nilikumbuka. Mkemia mwenyewe ndiye aliagiza tuweke amonia kidogo kwa kila chupa, ati wakue haraka. Amonia nayo ina naitrojeni, na ni chakula rahisi. Kula naitreti, lazima mdudu atengeneze vimeng'enya vya kuivunja, na hiyo ni kazi. Akiwa na amonia, ajisumbue kwa nini?

Nikaanza kupima amonia pia. Ilikuwa inashuka kila siku. Siku ya nane ikaisha. Siku ya tisa, naitreti ikaanza kushuka.

Nikampelekea Mkemia daftari langu. Alisoma akiwa amesimama.

"Kumbe ni hivyo," akasema, akanirudishia daftari, akaagiza amonia iondolewe.

"Na barua yangu?"

"Hiyo ishaenda ofisi kuu."

Wazee wakistaafu hupewa saa ya ukutani na soda. Mimi nilistaafishwa nikiwa na umri wa miaka ishirini na nne, na matiti yamejaa maziwa. Msiniulize kama nimesamehe.

Wiki iliyopita niliitwa mahojiano Thika, kampuni nyingine, kazi ya maabara. Tuliambiwa tubebe barua ya mwajiri wa mwisho. Mama wa ofisi akanyoosha mkono aichukue. Nikaiweka mezani, nikaifunika na daftari.

"Anza na hili," nikamwambia. "Ukurasa wa siku ya tisa."